Weupe wa Mwareko

Nani aliwaambia watu kwamba aliye juu ndiye anayeona?

Swali hili lilimganda Wakesho tangu asubuhi alipoitandaza mezani karatasi ya zamani kuliko zote, akapitisha kidole juu ya kilima cha Mwareko, alikozaliwa baba yake, na kidole kisikute kitu. Mistari ya kontua ilikuwapo, imebanana kwenye miteremko na kulegea mabondeni. Kijito kilikuwapo, pamoja na jina lake. Hata nguzo ya wapimaji ilikuwapo, pembetatu ndogo yenye nukta katikati. Ila juu kabisa, pale mistari inapoachana, na ardhi ikalala bapa, palikuwa peupe. Hapakuwa na nyumba, wala njia, wala shamba. Pembeni paliandikwa neno moja kwa herufi za mlazo, nyembamba, zisizojali: kichaka.

Akachukua karatasi iliyofuata, iliyochorwa miaka mingi baadaye. Kichaka. Akachukua na nyingine. Kichaka. Wachoraji walikuwa wamenakiliana bila hata mmoja wao kupanda kilima kwenda kuangalia, na hilo halikumshangaza. Mtu akishasema mahali fulani hapana kitu, wenzake humwamini kwa furaha, maana amewapunguzia safari.

Kaunti ile ilikuwa na mambo yake na wakati, na mgeni angeweza kurukwa na akili. Watu waliishi umri wa karatasi iliyowafunika. Waliokaa bondeni, ambako ramani ilikuwa mpya, walikuwa watu wa leo, wenye simu na haraka. Ukipanda hadi kwenye kunjo, pale ramani mpya ilipoishia na ya zamani kuanza, ulikuta watu wakiulizana habari za vita vilivyokwisha kitambo, na mzee aliyetoka bondeni akichechemea alivuka kunjo akatembea vizuri tu. Hakuna aliyelistaajabia jambo hilo. Watu huzoea chochote, mradi wamezaliwa wakakikuta. Lakini mahali peupe palikuwa na umri gani? Hapo ndipo Wakesho alipokwama kila mara. Kama miaka ya mtu hutoka kwenye karatasi anayoishi, basi baba yake, aliyezaliwa pasipochorwa, aliitoa wapi miaka yake? Na kama hakuitoa popote, ni nini hicho kilichokuwa kikimwishia sasa, pumzi baada ya pumzi, katika chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha kusaga mahindi?

Maana mzee Mwandoe alikuwa anakufa. Hilo lisemwe mapema, tusije tukazungushana. Na sheria ya kaunti kuhusu wafu ilikuwa fupi: mtu huzikwa penye paa lake, na paa lenyewe sharti liwe kwenye ramani. Asiye na paa kwenye ramani hupelekwa Uwanja wa Wapita Njia, nje ya mji, ambako trekta huchimba mfereji mmoja mrefu na udongo hurudishwa bila jina la mtu. Mzee hakuwa mtu wa kuombaomba. Katika maisha yake yote alikuwa amemwomba binti yake jambo hilo moja tu.

“Nipeleke nikalale kwa baba yangu, mama.”

Alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee. Ndivyo ilivyokuwa kawaida ya watu wa Mwareko, mtoto huchukua jina la aliyetangulia na kuheshimiwa nalo. Lakini wanaume wengine waliopewa mabinti wa namna hiyo huwaita mama mara moja na jina mara mbili. Mzee Mwandoe hakuwahi kulitamka jina la Wakesho hata siku moja. Alipokuwa msichana lilimuuma. Baadaye aliacha kulifikiria.

“Nitakupeleka, baba,” alijibu. Alijibu hivyo huku akijua hana pa kumpeleka.

*

Kazi yake ilikuwa kuuguza ramani. Katika Nyumba ya Ramani, jengo refu lenye madirisha ya juu na harufu ya vumbi tamu, aliletewa karatasi zilizochanika, akazipaka uji wa wanga mgongoni na kuzibandika kwenye kitambaa cha melimeli ili zisimame tena. Alikuwa na mkono mwepesi na alijua hivyo. Mkubwa wake alikuwa Bwana Lenjo, mtunza ramani, mtu mwenye koti moja na heshima nyingi, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa mwoga, na mwoga aliyepewa funguo huweza kufanya kazi yote ya mtu mbaya bila kujua.

Bwana Lenjo alikuwa na kanuni moja ya kazi, naye aliirudia kila alipopita nyuma yake: peupe hapapakwi uji. Uji ni wa penye majina, penye barabara, penye mji. Kwenye weupe hakuna cha kushikilia, kwa nini kuharibu wanga? Ndiyo maana ramani zote za zamani zilikuwa zimetoboka penye weupe kwanza. Mende walikuwa wamekula vichaka vya kaunti nzima, wakaacha miji.

Siku ile Wakesho alimsubiri afike, akaweka kidole juu ya Mwareko.

“Bwana Lenjo, hapa alizaliwa baba yangu.”

Mtunza ramani akavaa miwani, akainama, akatazama kwa makini ya kweli kweli. “Hapa hapana mtu, Bi Wakesho.”

“Palikuwa na kijiji.”

“Ramani inasema hapakuwa.”

“Sasa baba yangu alizaliwa wapi?”

“Labda kichakani,” alisema, na hakuwa akimkejeli, ndilo lililouma zaidi. Kisha akashusha sauti. “Mimi sikukiumba hicho kilima, mama. Ila nikwambie kitu. Jicho, lile dege la wapimaji, linapita tena. Wanachora upya kaunti yote. Likikuta paa pale, mmeokoka. Litatia nukta, na nukta ikishatiwa haifutwi na mtu. Hebu soma ufunguo mwenyewe.”

Wakesho akasoma ufunguo, kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza alama. Alikuwa amekibandika mara nyingi bila kukisoma. Nukta nyeusi haikuwa nyumba. Haikuwa watu. Palikuwa pameandikwa: nukta nyeusi, paa.

Jioni alimuuliza baba yake, “Kwani Mwareko hamkuwa na mapaa?”

Mzee alieleza kwa kituo, kila neno likimgharimu. Kwao mwenye nyumba akifa, kifungua mimba wake hupanda juu siku ile ile, kabla maiti haijapoa, akaezua paa. Nyasi zote hushushwa, zikabaki fito tupu. Pumzi ya mwisho ya mtu haina mlango unaoitosha, hupita juu tu. Ikikuta nyasi hubaki ndani, ikazunguka, ikawasumbua watoto. Nyumba hukaa wazi hadi mvua za kwanza, na walio hai hulala humo humo wakitazama nyota pamoja na marehemu wao. Mwaka lilipopita Jicho palikuwa na ugonjwa wa homa. Nyumba nyingi zilikuwa wazi.

Wakesho alishika tama. Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jicho lilipita juu ya kijiji kizima kilichokuwa kikilia, na kwa sababu kilikuwa kikilia, halikukiona.

“Bahati mbaya tu, baba,” alisema.

Mzee akageuka akatazama ukuta.

*

*Mimi ni Jicho. Sina chuki. Watu husema nawachukia, lakini chuki huhitaji kumfahamu mtu, nami sifahamu mtu. Nafahamu vitu vinavyotupa kivuli. Paa hutupa kivuli, nami nalitia nukta. Mti hutupa kivuli, nautia alama yake. Kilio hakitupi kivuli. Mtu aliyesimama mchana kati, jua likiwa utosini, hana kivuli cha kutosha, basi hayupo. Nimepewa mamlaka ya kusema kipo au hakipo, na sikuyaomba. Naulizwa mara moja kwa kizazi, najibu, naondoka. Huko chini wanaishi ndani ya jibu langu.*

*

Walimpandisha mzee kwa mkokoteni, Wakesho na Righa, mtoto wa baba yake mdogo, kijana wa makamo mwenye mabega ya kazi na ulimi usiotulia. Njia nzima Righa alitania ili mzee asisikie mawe. Walipovuka kunjo, mzee aliinua kichwa peke yake. Sauti yake ikapungua miaka. Alianza kuulizia watu kwa majina, fulani ameshachota maji, fulani amerudi na mbuzi, na Righa akajibu yote bila kusita, “Amerudi, ba’mkubwa, mbuzi wamejaa zizini.”

Halafu wakaingia penye weupe.

Hakuna awezaye kueleza vizuri hali ya pale, kwa kuwa maneno nayo huwa na ramani yake. Jua lilikuwa limesimama. Si kwamba lilichelewa, lilikuwa halina habari. Kivuli cha mkokoteni kilikaa kilipokaa. Na chini, kwenye majani mafupi, palikuwa na duara za mawe, moja hapa, nyingine pale, nyingi, misingi ya nyumba ambazo kwenye karatasi hazikuwahi kuwako. Wakesho aliingia katika mojawapo, akakuta mafiga matatu bado yametazamana. Akaketi chini, akalia. Aliyalilia mafiga matatu ambayo mtu aliyapanga vizuri ili chungu kisiyumbe, akaambiwa hakuwako.

“Hiyo ndiyo yetu,” mzee alisema kutoka mkokotenini. “Umeijuaje?”

Hakuwa ameijua. Miguu ndiyo iliyomwingiza.

Walijenga juu ya mawe yale yale. Righa alisimamisha fito, Wakesho akakata nyasi na kuzifunga matita. Siku hazikupita, maana hazikuwapo, ila kazi iliendelea, na mwishowe paa likasimama, nene, likatupa kivuli kizito cha duara. Wakamwingiza mzee ndani wakamlaza karibu na mafiga. Righa akatoka akalizunguka paa akicheka peke yake.

“Dada, hata kipofu ataliona hili!”

Wakesho naye alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza baada ya muda mrefu. Alihisi kwamba kwa nyasi tu, kwa mikono yao wawili, wamemrudisha mtu duniani.

Mzee alimwita ndani. Alikuwa amelitazama paa kwa muda, na machozi yalikuwa yakimshuka kuelekea masikioni.

“Haikuwa bahati mbaya, mama.”

“Nini, baba?”

“Tulijua. Tarishi alipita na ngoma. Jicho linakuja, kila nyumba iwe na paa, isiyo na paa haitahesabiwa. Wazee wakakubaliana. Hata waliofiwa wakaanza kuezeka haraka haraka, wakaziba zile nyumba wazi. Tukawa tayari kabisa. Halafu alfajiri ya siku yenyewe baba akakata roho.” Akavuta pumzi. “Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa mdogo, nisingeweza kupanda. Wazee wakamwambia mama, subiri, likishapita utaezua. Mama akasema, mume wangu amesubiri vya kutosha kwa homa, hatasubiri dege. Akapanda yeye. Wanawake walipomwona juu, wakapanda juu ya nyumba zao. Wote. Hata wale ambao hawakuwa na msiba. Wasimwache akilia peke yake.”

Nje Righa alikuwa akiimba kitu cha kipuuzi.

“Baadaye walikuja na karatasi, wakasema sisi ni wavamizi wa kichaka. Wakatutoa. Nilimlaumu mama maisha yangu yote. Alikufa bondeni, amelazwa Uwanja wa Wapita Njia, sijui hata upande gani. Nilikupa jina lake, kisha nikashindwa kulitamka.” Akaushika mkono wake. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. “Wewe ndiye kifungua mimba wangu, ukifika wakati utafanya unavyoona. Sitakulaumu. Umenisikia, Wakesho? Sitakulaumu.”

Baada ya hapo alikata kauli.

*

Alikufa jua likiwa limesimama pale pale. Wakesho alimfumba macho, akamnyoosha miguu. Hakuwa amemaliza kufunga kitambaa kidevuni aliposikia, mbali, upande wa bondeni, mvumo mwembamba usiopanda wala kushuka.

Righa aliingia mbio. Aliona, akapiga magoti, akaweka mkono kwenye paji la uso la mzee. Kisha akanyanyuka na kusimama mlangoni, kwa kuwa alimwona Wakesho akikaza kanga kiunoni.

“Hapana, dada.”

“Nipishe, Righa.”

“Dada, nakusihi. Lisikie lenyewe, linakuja. Likishapita tu, nitapanda mimi mwenyewe, nitaling’oa lote kwa meno. Sasa hivi ni kungoja tu, hata uji hauchemki.” Akashika mwimo wa mlango. “Tumemjengea nini, kama tunaezua? Watamtia mferejini na trekta. Ndicho unachotaka?”

“Sitaki.”

“Sasa?”

Wakesho alikuwa na baba yake chini, mdomo wazi kidogo, na juu yake nyasi nene zilizoshonwa vizuri mno. Chumba kilikuwa kimejaa kitu. Hakikuwa harufu wala sauti, lakini alikihisi kikimgusa nywele, kikienda na kurudi, kikitafuta. Kwa muda wote wa maisha yake mtu huyu alikuwa ameambiwa asubiri: asubiri zamu, asubiri mvua, asubiri ramani mpya. Je, sasa pia? Hata sasa? Alijua kabisa anachokipoteza. Bibi yake naye alikijua, na Wakesho sasa alielewa kwamba yule mwanamke hakuwa mjinga wala hakuwa amekosa bahati. Aliuangalia ulimwengu uliokuwa ukimtaka awe nukta, akamwangalia mume wake, akachagua.

“Ameniita jina langu, Righa,” alisema.

Righa akasogea.

Wakesho alipanda kwa fito za pembeni. Akaingiza mikono kileleni, akavuta. Tita la kwanza likatoka na vumbi likamjaa machoni. Akavuta la pili. Akawa anazitupa chini nyasi huku akilia kwa sauti, waziwazi, akimwita baba, na mvumo ukawa umekuwa ngurumo. Kisha akahisi fito zikicheza upande wa pili. Righa alikuwa amepanda. Hakumtazama. Alikuwa ameuma midomo, anang’oa kwa mikono miwili.

Jicho lilipita wakati tita la mwisho likiwa hewani. Kivuli chake kilivuka kilima kikiwa baridi kidogo, kikawapitia wao wawili waliokaa juu ya mifupa ya nyumba, na marehemu chini aliyelala akitazama juu kupitia fito. Kitu kile kilichokuwa kikitafuta njia kikampita Wakesho mashavuni, laini, kikaenda zake. Halafu, kwa mara ya kwanza pale penye weupe, kivuli cha mkokoteni kilianza kusogea.

*Kilima. Mawe. Fito. Sioni paa.*

Walimzika humo ndani, kando ya mafiga. Sheria haikuwazuia, maana sheria nayo husoma ramani, na kwenye ramani hapakuwa na mtu wa kuzuiwa. Hata hilo halikumpa Wakesho furaha. Alijua kwamba yeyote atakayetaka kilima kile siku moja atakuja na karatasi mkononi, atasimama juu ya kaburi na kusema ni kichaka.

*

Ramani mpya ilifika ikiwa imepasuka safarini. Bwana Lenjo mwenyewe ndiye aliyeileta mezani, akaitandaza, akavaa miwani. Alitafuta Mwareko kwa muda. Alipopaona, alitoa miwani akaifuta kwa koti, akairudisha.

“Pole, Bi Wakesho. Nilidhani mlijenga.”

“Tulijenga.”

“Sasa mbona...”

“Tulifiwa.”

Mtunza ramani alisimama na neno hilo. Kisha macho yake yakaondoka Mwareko, polepole, yakaenda kwenye weupe mwingine upande wa mashariki, na mwingine chini ya mto, na ule mkubwa wa kaskazini ambao siku zote waliuita nyika. Karatasi nzima ilikuwa imejaa weupe. Wakesho alikuwa ameshauona. Hakuwa amelala vizuri tangu alipouona. Kumbe kila palipoandikwa hapana kitu, yawezekana kuna mtu alipanda juu ya nyumba yake siku ile.

Akachovya brashi kwenye uji. Akaigeuza ramani kifudifudi, akaanza na Mwareko, akapaka mara moja, akaacha ishike, akapaka tena. Halafu akahamia mashariki.

Bwana Lenjo alifungua mdomo ili aseme kanuni yake. Akaufunga. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akaenda kukoroga wanga zaidi.